Birika la wati 2000 likifika kwa mama kijijini linageuka wati 1224. Njooni tupige hesabu

Fundi_Nkuhungu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dodoma, nakaa Nkuhungu, mwaka wa kumi na tano huu nahangaika na nyaya. Mwezi uliopita nilimnunulia mama birika la umeme la lita 1.7, nikampelekea kijijini upande wa Mvumi. Kabla sijalipeleka nililijaribu hapa kwangu. Nikajaza maji hadi mstari wa juu, nikawasha, nikashika saa: dakika 4 na sekunde 50 likajizima lenyewe. Kule kwa mama, maji kipimo kilekile, dakika 8 na sekunde 5. Mama akanitazama weee, kisha akasema, "Umeniletea bovu. Halafu linakula uniti."

Nikasema hapana, mbele ya mama sikubali. Nikatoa maltimita (kipimo cha volti na omu) kwenye begi.

Chini ya birika pameandikwa 230V 2000W. Wateja wangu wengi wanaisoma hiyo 2000, ile 230 wanairuka kama haipo. Hizo namba mbili zimefungwa pamoja. Maana yake ni kwamba birika litatoa wati 2000 likipewa volti 230. Ukilipatia volti pungufu, nalo linakupa wati pungufu.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Nguvu ni volti mara ampia, P = V × I. Kwa hiyo wati 2000 gawa kwa volti 230 unapata ampia 8.7. Ukinzani ni volti gawa kwa ampia, R = V ÷ I, ambayo inakuja omu 26.45 (nimegawa bila kukata desimali). Huo ndio ukinzani wa koili iliyo ndani, na ndio unaosafiri na birika popote uendako. Wati hazisafiri.

Hapa kwangu siku ile volti zilitulia kwenye 230, na mita ya kubana (ile inayokumbatia waya na kusoma ampia) ikasoma ampia 8.7. Sawasawa na kibandiko. Kwa mama, birika likiwa linachemsha, soketi ilisoma volti 180 na mita ya kubana ikasoma ampia 6.8. Gawa 180 kwa 6.8, unapata omu 26.47. Koili ni ileile, haijaharibika. Zidisha sasa: 180 × 6.8 = wati 1224.

Angalieni hapo. Volti zimeshuka hadi asilimia 78 ya zile za kwangu, lakini nguvu imeshuka hadi asilimia 61. Ni kwa sababu volti zikipungua ampia nazo zinapungua, unapigwa mara mbili. Ndiyo ile P = V² ÷ R.

Kuhusu uniti, nilimwonyesha mama kwa karatasi. Kwangu: wati 2000 kwa sekunde 290 ni jouli 580,000. Uniti moja ni jouli 3,600,000, kwa hiyo nimetumia uniti 0.161. Kwake: wati 1224 kwa sekunde 485 ni jouli 593,640, yaani uniti 0.165. Tofauti ndogo mno, nayo ni kwa sababu birika likikaa muda mrefu linapoteza joto zaidi pembeni. Nikamwambia mama, birika ni zima, mita haidanganyi, umeme wa huku ndio mdogo kwa kuwa tuko mwisho wa laini, mbali na transfoma. Nilipochomoa birika volti zilipanda hadi 196, ushahidi kwamba laini imechoka.

Mama hakusema kitu. Alichukua sufuria akaenda jikoni kwenye mkaa.

Nimeleta hapa kwa sababu naona watu wengi wa vijijini wanauziana mabirika, pasi na majiko wakidhani ni mabovu. Karibuni.

---

Saluni_Ilazo

Kaka asante kwa darasa, ila umenitupa njia panda. Volti, ampia, omu, wati, mimi vyote vinaingia sikio moja na kutoka jingine. Nina saluni hapa Ilazo, naomba unieleze kama unamweleza mteja wako aliyekaa chini ya draya.

---

Fundi_Nkuhungu

Dada, una simtanki juu ya mnara pale saluni? Kimo cha lile tanki ndiyo volti. Maji yanayopita kwenye bomba kwa sekunde ndiyo ampia. Sasa unayajua maji ya kisima ya Dodoma yetu, ile chumvi inavyoganda ndani ya bomba mpaka linabaki tundu la sindano. Huko kuziba ndiko ukinzani. Tanki likiwa juu, maji yanakuja kwa nguvu. Bomba likiziba, hata tanki liwe juu ya mbuyu, unapata matone.

Wati ni kazi unayoipata pale bomba linapomwagia: kimo na wingi wa maji kwa pamoja. Maji mengi yasiyo na kimo hayakuoshei nywele, na kimo bila maji vilevile.

---

Saluni_Ilazo

Hapo nimekupata kabisa. Basi nitolee na hili. Shemeji kaniletea draya kutoka Marekani, nzuri sana, imeandikwa 120V 1200W. Plagi haiingii, kijana mmoja hapa jirani anataka kunikatia waya aniwekee plagi yetu. Elfu tano tu.

---

Fundi_Nkuhungu

USIMRUHUSU.

Piga hesabu mwenyewe, dada. R = V² ÷ P. 120 mara 120 ni 14,400, gawa kwa 1200 unapata omu 12. Huo ukinzani haujui kama uko Marekani au Ilazo. Ukiupa volti 230, ampia ni 230 ÷ 12, zaidi ya 19. Nguvu ni 230 mara 19.2, unapita wati 4,400. Draya iliyotengenezwa kubeba 1200 unaitwisha karibu mara nne. Bahati yako ikiwa njema fyuzi ya ampia 13 kwenye plagi itakufa kwanza. Ikiwa mbaya, iko kichwani kwa mteja.

Kuna vibadilishi vya 230 kwenda 120, lakini cha kubeba wati 1200 ni kizito na bei yake unanunua draya mpya mbili pale mjini.

---

Saluni_Ilazo

Kijana nimemrudisha na mkasi wake. Nimecheka peke yangu, kumbe hesabu ni kugawa tu.

---

Dogo_F3

Shikamooni wakuu. Mimi niko kidato cha tatu. Nimejaribu hiyo hesabu nyumbani na imenigomea. Bibi ana balbu ya kizamani ya njano, imeandikwa 60W 230V. Kwa fomula ya mleta mada ukinzani ungekuwa 230 × 230 ÷ 60 = omu 882. Nimeitoa kwenye holda nikaipima kwa maltimita ya kaka, inasoma omu 64. Nikirudisha kwenye fomula inakuja wati 826. Balbu ya wati 826 si ingewasha mtaa mzima? Nimemwambia rafiki yangu Sheria ya Ohm ni ya kwenye mtihani tu.

---

Mchokozi_Jamatini

Dogo kaua. Nimeweka kigoda, nasubiri mafundi wajitetee.

---

Mwalimu_Makole

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kupima, wenzako wanakariri. Pili, umeipima ikiwa imetolewa kwenye holda, vizuri sana. Yeyote anayesoma hapa asije akaweka maltimita kwenye omu halafu akagusa kitu chenye umeme. Utaua kifaa, au kifaa kitakuua wewe.

Sasa jibu. Vipimo vyako ni sahihi na fomula ni sahihi. Balbu uliyoipima ilikuwa ya baridi. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa tungisteni (uzi ndani ya uzi, haya), na ikiwaka uzi huo unafika kwenye nyuzijoto kama 2,500. Chuma kikipata moto ukinzani wake unaongezeka, na kwa tungisteni unaongezeka zaidi ya mara kumi. Omu 64 ni za baridi, 882 ni za kazini. Ile sekunde ya kwanza kabisa ukibonyeza swichi, balbu ya bibi kweli inavuta ampia 3.6, kisha kufumba na kufumbua inapata moto na kushuka hadi ampia 0.26. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kufia pale unapowasha. Ulishawahi kuona inakufa usiku wa manane imetulia? Mara chache.

Koili ya birika ni nikromu, aloi (mchanganyiko wa metali) ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Kwa hiyo Fundi anaweza kuipima baridi au moto, jibu linakaribiana.

Na huyo Ohm mwenyewe usimwonee. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari kama mimi, kule Cologne, Ujerumani. Betri za wakati wake zilikuwa haziishi kuyumba, kila akipima anapata jibu jingine. Akaziacha. Akachukua shaba na madini ya bismuthi, akaviunganisha, kiungio kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto inazaa umeme mdogo lakini uliotulia tuli, kwa sababu maji yakichemka hayapandi tena joto na barafu ikiyeyuka haipandi wala haishuki. Hapo ndipo namba zake zilipokubali kukaa kwenye mstari. Kitabu chake kilitoka 1827, na wakubwa wa kwao walikipokea kwa baridi. Sharti liko palepale: joto la waya lisibadilike. Ukilibadilisha, ni wewe uliyevunja makubaliano.

Kwa aliyetaja tanki juu ya mbuyu, nyongeza kidogo kuhusu kimo: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100. Dar wanachelewa kidogo kupata chai.

---

Dogo_F3

Aisee. Nimefuta usemi wangu mwalimu. Lakini taa ya LED nimepima haisomi kitu kabisa.

---

Mwalimu_Makole

Hiyo ndani yake kuna saketi, si waya mtupu. Haiguswi na omu za maltimita. Soma kibandiko chake na uendelee na kazi ya nyumbani.

---

Mzee_wa_Laini

Nimesoma toka juu hadi hapa bila kusema kitu. Mimi ni mstaafu, laini ndiyo ilinisomeshea watoto.

Fundi, kijana wangu, hesabu zako safi. Nina swali moja tu. Hizo volti 180 ulizipimia wapi?

---

Fundi_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nilipimia kwenye soketi ya jikoni, palepale birika lilipochomekwa.

---

Mzee_wa_Laini

Marahaba. Na pale kwenye mita ya LUKU (ile ya kulipia uniti kabla), birika likiwa linachemsha, zilikuwa ngapi?

---

Fundi_Nkuhungu

Sikupima pale mzee. Lakini nyumba ni ndogo, kutoka kwenye mita hadi jikoni hazizidi mita 12, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwa shaba, urefu wa kwenda na kurudi ni mita 24, zidisha kwa 0.0175 (ukinzani wa mita moja ya shaba yenye unene wa milimita mraba moja), gawa kwa 2.5: omu 0.17. Kwa ampia 6.8 unapoteza volti 1.2 tu. Laini ndiyo tatizo, kijiji kimejaa na wote tuko kwenye transfoma moja.

---

Mzee_wa_Laini

Hiyo ni ya kwenye karatasi. Mimi nauliza ya ukutani.

Ulisema birika likiwa limezimwa volti ni 196, likiwaka ni 180. Zimeshuka 16. Birika linavuta ampia 6.8. Gawa 16 kwa 6.8, kuna omu 2.35 mahali fulani kati ya transfoma na birika. Omu 2.35 ni nyingi. Inawezekana zote ziko nje, inawezekana nusu ziko ndani. Ukipima sehemu moja huwezi kujua. Ile 196 yenyewe ndiyo laini, hapo sina ubishi na wewe, nenda kaandikishe malalamiko. Ila hizi 16 zinazopotea ukiwasha birika moja, hapo mimi silali.

Maana zikiwa ndani ya nyumba zimekaa kwenye jambo moja tu: kiungio kibovu. Na kiungio kibovu kinapika.

---

Mchokozi_Jamatini

Samahani wazee, hapa kuna mtu anatudanganya. Fundi juu kule kasema P = V² ÷ R, kwa hiyo ukinzani ukipungua joto linaongezeka. Draya ya dada omu 12 ni hatari, birika omu 26 ni salama. Sawa. Sasa mzee anakuja na omu za kwenye kiungio, anasema ukinzani ukiongezeka joto linaongezeka. Chagueni moja. Hamuwezi kula huku na huku.

---

Saluni_Ilazo

Hata mimi nilikuwa najiuliza ila niliogopa kuchekwa.

---

Mzee_wa_Laini

Dada usiogope, hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, na limewashinda mafundi wenye vyeti. Mchokozi leo umefanya kazi ya maana bila kukusudia.

Chukua P = V × I. Kama V ni sawa na I mara R, unaweza kuandika P = I² × R. Na kama I ni V gawa kwa R, unaandika P = V² ÷ R. Zote ni mama mmoja. Ugomvi unakuja ukisahau kuuliza: V ya nani, I ya nani?

Birika limekaa peke yake kati ya nyaya mbili za soketi. Lina volti zote 230, hazigawani na mtu. Ukipunguza ukinzani wake, ampia zinafunguka, wati zinapanda. Hapo V² ÷ R inakuonyesha mambo kwa haraka.

Kiungio kibovu hakina volti zote. Kimepanga foleni na birika, waya mmoja, ampia zilezile zinapita kwake kisha zinapita kwenye birika. Anayeamua ampia ni birika, kwa sababu lina omu 26 na kiungio kina nusu omu au omu moja. Kiungio ni kama abiria kwenye basi, dereva ni mwingine. Kwa hiyo ukinzani wa kiungio ukiongezeka kidogo, ampia hazishtuki, lakini I² × R pale kwenye kiungio inapanda. Tuseme nusu omu tu na birika la wati 2000. Ampia 8.5, mara yenyewe ni 72, mara nusu, unapata wati 36. Kama hasira ya pasi ndogo ya kulehemu risasi, imejificha nyuma ya soketi ya plastiki. Soketi ngapi mmeziona zimegeuka rangi ya kahawia? Si umeme mwingi huo. Ni skrubu ambayo haikukazwa.

Na usidhani ukinzani wa kiungio ukiendelea kukua joto litakua milele. Ukifikia omu 26 sawa na birika, wanagawana volti nusu kwa nusu, ukizidi hapo ampia zinakufa na joto linashuka. Ila hufiki huko, moto unafika kwanza.

---

Mchokozi_Jamatini

Nimekubali. Naondoa kigoda nakaa chini.

---

Kibaigwa_Sola

Wazee mimi niko Kibaigwa, sina hoja ya grid. Nina betri ya volti 12 na pampu ndogo ya wati 60, nimeivuta mita 15 kwa waya wa 1.5. Pampu inalia kama mbuzi mgonjwa. Ni hayohayo?

---

Fundi_Nkuhungu

Ni hayohayo, tena kwa ukali. Wati 60 kwa volti 12 ni ampia 5. Waya mita 30 kwenda na kurudi, mara 0.0175, gawa 1.5: omu 0.35. Unapoteza volti 1.75 kati ya 12, karibu asilimia 15. Wati zilezile kwa volti 230 zingevuta ampia 0.26, upotevu usingeuona. Sogeza betri karibu na pampu, au weka waya wa 6.

---

Mzee_wa_Laini

Na ndiyo maana sisi tulipandisha volti. Ule msongo wa kilovolti 400 unaotoka Iringa, ukapita hapa Dodoma na Singida hadi Shinyanga, ukiupitishia megawati 100 kila waya unabeba kama ampia 144 (hesabu ya fezi tatu, si ya waya mbili za nyumbani). Megawati hizohizo kwenye kilovolti 33 ni ampia 1,750. Mara kumi na mbili. Lakini joto la waya linakwenda kwa ampia mara ampia, kwa hiyo upotevu ni mara karibu 147 kwa waya uleule. Hata treni ya SGR inayoingia hapa imewekewa kilovolti 25 juu ya kichwa kwa hesabu hiyohiyo. Huwezi kuivuta kwa volti 230, waya ungekuwa mnene kama nguzo.

Fundi, umekwenda kwa mama au bado?

---

Fundi_Nkuhungu

Jumamosi mzee. Leo nina kazi Nzuguni.

---

Kibaigwa_Sola

Nimesogeza betri. Mbuzi kapona.

---

Fundi_Nkuhungu

Wakuu, nimerudi kutoka kijijini jana usiku. Naandika hii nikiwa nimekaa vibaya.

Nilifanya kama mzee alivyosema. Nikamwambia mdogo wangu awashe birika, mimi nikasimama kwenye mita. Bila birika: 196. Birika likiwaka: 190. Nikakimbia jikoni, soketi: 180. Nikarudi kwenye mita nikidhani nimekosea. 190. Jikoni, 180. Volti 10 zinapotelea ndani ya nyumba ya mama, sita tu ndizo za nje.

Volti 10 kwa ampia 6.8 ni omu 1.47. Waya wangu wa karatasi ni omu 0.17. Kwa hiyo kuna omu 1.3 zimekaa mahali. 6.8 mara 6.8 mara 1.3: wati 60. Nilizima meni swichi nikapanda darini na tochi.

Nilikikuta juu ya jikoni, pale waya wa soketi unapoungana na ule wa kutoka kwenye sakiti breka. Hakuna konekta. Nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, tepu imeyeyuka ikawa kama lami, shaba imegeuka nyeusi, na mbao ya kenchi iliyo chini yake ina doa la kuungua la ukubwa wa kiganja. Wati 60 dakika nane, mara sita kwa siku. Kabla ya birika, pale palikuwa panachaji simu na redio tu, ampia haba, hapakuwa na joto. Mimi ndiye nilipeleka ampia 6.8.

Na wakuu, nyumba ile niliifunga mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, kabla sijajua chochote, nikitaka mama aone mwanawe ni fundi. Msokoto ni wa mkono wangu, naujua.

Nimekata, nimemenya upya, nimeweka konekta ndani ya boksi, nimekaza. Vipimo vya baada ya hapo: mita 190 ileile, soketi 188, ampia 7.1, wati kama 1,335. Maji yamechemka kwa dakika 7 na sekunde 20. Si ajabu kubwa. Kilichobaki ni cha laini, malalamiko nimeandikisha na picha za mita nimeambatanisha, za bila mzigo na za mzigo.

Halafu lile la uniti. Nilipiga hesabu ya soketi, 180 × 6.8, nikamwambia mama hana hoja. Lakini LUKU haikai kwenye soketi. LUKU ilikuwa inaona 190 × 6.8, wati 1,292, kwa sekunde 485, yaani uniti 0.174. Kwangu ni 0.161. Kila birika mama alikuwa analipia tofauti ya uniti 0.013, sehemu kubwa yake ikienda kuchoma kenchi lake mwenyewe. Kwa birika sita kwa siku ni kama uniti mbili na kitu kwa mwezi. Kidogo, ndiyo. Lakini alisema linakula uniti, na lilikuwa linakula.

Nilimwelezea nikiwa bado na vumbi la dari kichwani. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?" Nikasema ndiyo mama. Akaniwekea chai. Aliichemsha kwenye mkaa.

---

Saluni_Ilazo

Pole kaka jamani. Mshukuru Mungu mbao haikushika.

---

Mwalimu_Makole

Fundi, naomba ruhusa niichukue hii kwa kidato cha tatu. Vipimo vitatu, soketi na mita, mzigo na bila mzigo. Sijawahi kuona zoezi zuri kama hili. Jina lako nitaliacha.

---

Fundi_Nkuhungu

Chukua mwalimu. Liache kweli.

---

Mzee_wa_Laini

Umefanya vema kusema ukweli, wengi wangefuta uzi. Sasa nijibu hili. Nyumba ya mama ina soketi ngapi?

---

Fundi_Nkuhungu

Nne, mzee.

---

Mzee_wa_Laini

Na hizo tatu nyingine nani alizisokota?

---

Fundi_Nkuhungu

Jumamosi narudi.